Anza na Saa Zao: Jinsi ya Kuendesha Kikundi cha Vijana Mtaani

Watu wanaotaka kuanzisha kikundi cha vijana mtaani kwao hunipigia simu wakiwa wameshakamilisha mambo mengi. Ukumbi upo, fulana zimechapishwa, mgeni rasmi ameshapelekewa barua, na mada ya siku ya kwanza ni ujasiriamali, Jumamosi saa tatu asubuhi. Huwa nawauliza swali moja tu: Jumamosi saa tatu asubuhi hao vijana huwa wapi?

Wengi hawajui. Basi anzia hapo.

Nafanya kazi hii Temeke, Dar es Salaam, upande wa Mbagala, na vijana ambao wengi wao waliishia darasa la saba au waliacha sekondari njiani. Wapo waliomaliza kidato cha nne wakapata ziro, wapo ambao darasani hawajawahi kukaa. Ninayoandika yametoka huko. Ukiwa Mwanza au Tanga saa zitabadilika na kazi za watu zitabadilika, lakini utaratibu utakufaa.

Wiki za mwanzo usifundishe

Chukua daftari dogo, tembea. Pita stendi, pita sokoni, pita gereji, kaa kwa mama lishe unywe chai. Andika nani yupo wapi saa ngapi, na nani anamfuata nani. Usimwambie mtu kwamba umekuja kumsaidia. Sema unaishi mtaa gani na unataka kuwafahamu. Watakushuku kwanza. Wapo watakaodhani umetumwa na polisi, wapo watakaouliza kama kuna mkopo.

Utakachokiona ni kwamba hakuna kitu kinachoitwa "muda wa vijana". Bodaboda alfajiri anawahisha watu kazini na watoto shuleni, jioni hivyo hivyo, lakini kuanzia kama saa tano mpaka saa tisa kijiwe kimejaa watu wanaocheza drafti kwa vizibo vya soda. Wabeba mizigo wa sokoni wanaanza usiku malori yakiingia. Saa tatu asubuhi wewe unapofungua ukumbi, wao ndio wanalala. Msichana anayesaidia kwa mama lishe ameamka saa kumi alfajiri na ataosha sufuria mpaka alasiri. Vinyozi na wasusi wikendi huwapati hata kwa dawa, Jumatatu ndiyo siku yao tulivu. Dada wa kazi za ndani ana Jumapili mchana, kama ana tajiri mwenye huruma.

Ukishaona hivyo utaelewa kwa nini semina ya siku tatu huletewa wale wale: vijana wasio na shughuli asubuhi, wanaojua kusoma na kuandika, ambao mwenyekiti anawafahamu. Nao wana haki yao. Ila yule aliyeko chini kabisa hukumwona.

Kwa hiyo badala ya saa tatu ukumbini, panga dakika arobaini kijiweni saa sita mchana, siku hiyo hiyo kila wiki, hata mvua ikinyesha. Ijumaa mchana acha watu waende msikitini. Ramadhani sogeza baada ya futari au punguza, usilazimishe mtu aliyefunga akae juani saa tisa akusikilize.

Ruhusa ni jambo la siku moja, lakini usiliruke. Mwone mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mtendaji, wasalimie, waeleze, waachie namba yako. Halafu mwone mwenyekiti wa kijiwe, maana kijiwe cha bodaboda kina uongozi wake, kina katibu, kina daftari la michango ya misiba. Huyu wa pili ndiye atakayeamua kama unasikilizwa.

Somo litoke mfukoni mwao

Nitatoa mfano mmoja kwa kirefu, maana huu ndio umenipatia vijana wengi kuliko mada nyingine yoyote: mkataba wa pikipiki.

Bodaboda wengi pikipiki si zao. Wanachukua za mkataba, yaani unampelekea tajiri, mwenye pikipiki, hesabu kila siku, pesa mliyokubaliana, na muda mliokubaliana ukiisha pikipiki inakuwa yako. Siku moja nilimwomba kijana mmoja alete mkataba wake. Ilikuwa karatasi moja iliyokunjwa mara nne mpaka mikunjo imeanza kukatika, ina muhuri wa serikali ya mtaa na sahihi za mashahidi. Mwenzake akausoma kwa sauti, wengine wakiwa wamekaa juu ya pikipiki zao. Hesabu shilingi 10,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, miezi kumi na minne.

Nikauliza: mpaka mwisho utakuwa umelipa shilingi ngapi?

Kimya. Ndipo mmoja akatoa simu. Shilingi 60,000 kwa wiki. Miezi kumi na minne ni kama wiki sitini. Jumla shilingi 3,600,000. Mwenye mkataba akasema hapana, rudia. Wakarudia. Akauliza mwingine, sasa pikipiki hii mpya dukani ni bei gani? Hapo pakawaka moto, kila mtu na bei yake, na kabla sijafungua mdomo walikuwa wameshachagua watu wawili wa kwenda kuulizia madukani na kuleta jibu wiki inayofuata. Hiyo kazi ya nyumbani sikuitoa mimi.

Kisha tukaanza kuuliza mambo ambayo karatasi haikuyasema. Ukiumwa siku tatu, hesabu inaendelea? Tairi likiisha nani ananunua? Bima ya nani? Ikiibiwa mwezi wa kumi na mbili, zile pesa ulizolipa zinakwendaje? Mkataba ulikuwa na mistari saba na yote ilimlinda tajiri. Wakatunga vipengele vinne wanavyotaka viwemo, katibu wa kijiwe akaviandika.

Baadhi yao walikwenda kuzungumza na matajiri wao. Mmoja alipata siku mbili kwa mwezi za kupeleka pikipiki gereji bila hesabu. Mwingine aliambiwa kama hutaki, acha funguo mezani. Usiwadanganye vijana kwamba maarifa yanafungua milango yote. Aliyeambiwa aache funguo alibaki na pikipiki ile ile kwa masharti yale yale, ila sasa anajua anacholipa na alianza kuandika malipo yake ili mwisho wa mkataba asizungushwe.

Angalia kilichofanyika pale: wamesoma, wamezidisha, wamejadiliana, wamegusa sheria, wamepanga utafiti. Hakuna aliyetaja somo. Na njia yenyewe unaweza kuihamishia popote. Lazima kuwe na kitu halisi mkononi, si mfano wa kubuni. Lazima kuwe na swali ambalo wewe mwenyewe huna jibu lake mfukoni, maana vijana wananusa haraka swali la mtego. Hesabu wapige wao, hata wakichelewa, hata wewe umeshaona walipokosea. Na kabla ya kuachana kila mmoja aseme atafanya jambo gani mpaka wiki ijayo, jambo dogo linaloonekana.

Kwa wasichana wa kwa mama lishe kitu halisi ni sahani ya wali maharage: mchele kiasi gani, mkaa wa shilingi ngapi, mafuta, maji ya kununua, na faida inabaki wapi. Kwa wenye vibanda ni ile mikopo ya kausha damu. Umepewa laki moja, unarudisha elfu tano kila siku kwa siku ishirini na sita; wape karatasi wajumlishe, wewe kaa kimya. Nimeona mtu akinyanyuka katikati ya kikao akaenda kumwambia mama yake asisaini.

Wenzangu wengine hudhani njia hii tumeletewa na mashirika. Waulize wazee. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu nchi nzima walikaa kwenye vikundi wakasikiliza redio, wakajadili walichosikia, kisha wakachukua majembe wakaenda kuchimba vyoo. Kusikia, kujadili, kutenda, vyote ndani ya kikundi kimoja.

Asiyejua kusoma asiumbuliwe

Utakuwa naye, tena zaidi ya mmoja, na hatakuambia. Nilikuwa na kijana ambaye karatasi ikimfikia alikuwa anasema amesahau miwani. Miwani hakuwahi kuwa nayo. Siku moja akanionyesha simu yake nimtafutie namba, nikakuta majina ya wateja wake ameyaweka kwa alama: nyota, ua, mpira, samaki. Na hakuwahi kumpigia mteja asiye sahihi. Huyo mtu ana kumbukumbu na mpangilio kuliko mimi.

Tulianzia kwenye ile simu. Alitaka kuandika "Mama Chapati" mahali pa samaki, kwa sababu wateja aliowawekea alama ya samaki walikuwa wameongezeka. Herufi za jina hilo zikatupeleka kwenye majina mengine, kisha kwenye ujumbe wa miamala ya simu: umepokea, umetuma, salio lako. Maneno hayo ameshayaona mara elfu, namba anazijua, kinachobaki ni kuunganisha. Nakushauri uanzie hapo kabla ya kitabu chochote cha kusoma, kuandika na kuhesabu. Vitabu vingi vya kuwafundishia watu wazima kusoma vimeandikwa kana kwamba msomaji ana miaka saba.

Kanuni zangu hapa ni chache. Usimnyooshee mtu kidole asome kwa sauti. Omba wa kujitolea, au soma na mtu mwingine kwa kupokezana. Fomu ya kujiandikisha ijaze wewe ukimuuliza. Mahudhurio usiyafanye ya kusaini, weka alama mwenyewe. Na ukishamgundua, mweleze mkiwa wawili tu, tena kwa kifupi: ukitaka, tunaweza kukaa nusu saa kabla wenzako hawajafika.

Mpeleke kwa fundi, lakini mkubaliane kwanza

Kijana anayetaka ufundi usimweke darasani miezi sita. Mtafutie fundi mtaani, wa gereji, wa kuchomelea, wa cherehani, wa simu. Mafundi wanafundisha vizuri kuliko wengi wetu. Tatizo ni kwamba bila makubaliano kijana atakuwa mtu wa kutumwa vocha na chai, na mwaka utaisha anajua kushika tochi tu.

Kaeni watatu: wewe, fundi, kijana, na mzazi akipatikana. Muulizeni fundi mwezi wa kwanza atamwachia kijana afanye nini kwa mkono wake mwenyewe. Akisema "ataangalia kwanza", muulize ataangalia mpaka lini. Kubalianeni chakula cha mchana kinatoka wapi, kwa sababu hapo ndipo mafunzo mengi yanapofia. Kijana anaacha kwa njaa na fundi anasema ni mvivu. Kubalianeni pia akivunja kifaa inakuwaje. Andikeni, kila mtu abaki na nakala.

Halafu mwambie kijana apige picha kila kazi aliyoifanya: kabla, katikati, baada. Simu yoyote inatosha. Picha hizo zitamsaidia kupata wateja, na zitamkumbusha alichojifunza siku akienda VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Mtu aliyejifunzia kazi mtaani anapimwa kwa kazi yake, anaelekezwa pale penye mapungufu, kisha anapata cheti bila kuanza kozi upya. Wengi hawajui. Nenda chuo cha karibu yako uulize mwenyewe fani zinazopokelewa na gharama za wakati huo, ndipo uwaambie vijana. Ukiwaahidi cheti kisha kikachelewa, ni jina lako litakaloharibika.

Wasichana

Kikundi ukikiita "cha vijana" bila kusema zaidi, watakuja wavulana. Kijiwe chenyewe ni mahali ambapo msichana akikaa ataulizwa nyumbani anafanya nini pale. Tafuta sehemu nyingine na saa nyingine. Kwetu inafaa uani kwa mama mmoja anayeheshimika mtaani, saa kumi jioni, watu watawanyike kabla ya magharibi. Wazazi wanapajua, wanaweza kupita wakachungulia.

Wengi wana watoto. Usiseme "waache nyumbani", nyumbani hakuna mtu. Tandika mkeka pembeni, mpe mama mtu mzima kitu kidogo awaangalie watoto, weka ndoo ya maji na sabuni. Ni gharama ndogo kuliko kuchapisha vipeperushi, na ndiyo inayoamua kama utakuwa na watu kumi na wawili au watatu.

Kuhusu shule, uwe na habari kamili. Tangu Novemba 2021 msichana aliyekatishwa masomo kwa ujauzito anaruhusiwa kurudi shule ya serikali baada ya kujifungua. Asiyetaka kukaa tena na watoto wa kidato cha pili anaweza kusoma kupitia vituo vya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Aliyeacha kabla ya mtihani wa kidato cha pili ana njia ya mtihani wa maarifa, ule tunaouita QT, kisha akafanya wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mweleze njia zote, halafu mwache achague. Wapo wanaotaka cherehani tu, na mimi siwabishii.

Utasikia mambo mazito. Usimwahidi mtu kwamba hutamwambia yeyote. Mwambie tangu mwanzo kwamba akiwa hatarini utatafuta msaada. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, hata kama ana mtoto wake. Weka ukutani namba 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto, na ujue kwa jina na sura afisa ustawi wa jamii wa kata na askari wa Dawati la Jinsia na Watoto kabla hujawahitaji. Wewe mwenyewe usikae na kijana chumba kilichofungwa, usiwakopeshe, usichati nao usiku. Wanaojitolea nawe wafuate hayo hayo, na anayeona kanuni hizo zinamkosea heshima usimchukue.

Pesa

Hapa nitagombana na wenzangu: usitoe posho ya kukaa. Ukiitoa mara moja, umenunua mahudhurio, na siku ikikosekana utabaki na viti. Chai na mihogo, sawa. Nauli kwa anayetoka mbali, sawa. Anayepoteza kibarua cha siku kwa ajili yako ana haki ya kufidiwa, lakini ukipanga kwa saa zao hali hiyo itatokea mara chache.

Jambo la pili ni mikopo ya halmashauri. Kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa Aprili 2023, ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya, na iliporudi mtaani palijaa vikundi vyenye katiba nzuri na wanachama wasiojuana. Vikundi vya namna hiyo huvunjika mkopo ukishaingia, na anayebaki kutafutwa ni mwenyekiti peke yake. Fanyeni kinyume chake. Wekeni akiba kidogo kidogo kwanza, hata elfu moja kwa wiki, mkopeshane nyinyi kwa nyinyi, mgombane, mpatane, mjue nani huwa anachelewa na kwa sababu gani. Mkishavuka msimu mmoja mgumu pamoja, ndipo mwende kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Mtakapoulizwa biashara yenu inaingiza kiasi gani, daftari mtakuwa nalo.

Kwa mfadhili, akitaka idadi ya waliohudhuria mpe, hakuna ubaya. Lakini daftari lako mwenyewe liandike mambo mengine: nani aliuliza swali leo ambaye huwa haulizi, nani alitekeleza alichosema wiki iliyopita, nani hakuja.

Anayepotea

Huyo asiyekuja ndiye kazi yako ya wiki. Akikosa mara mbili mfululizo, mtafute, na usitume ujumbe wa kundi la WhatsApp ukimtaja jina. Anza kwa mwenyekiti wa kijiwe, huwa anajua. Mara nyingi sababu ni ya kawaida: pikipiki imekamatwa, mama anaumwa, amepata kibarua cha ujenzi Kigamboni mpaka mwisho wa mwezi, msichana amehamishiwa kwa shangazi. Akiwa mahabusu, nenda na ndugu yake na mtu wa serikali ya mtaa, usiende peke yako ukiwa na hasira. Akiwa na aibu ya deni la kikundi, ongea naye kuhusu kupunguza marejesho kabla hamjaongea kuhusu kurudi.

Akiwa amepata kazi nzuri na hana muda tena, mpongeze, muulize kama anaweza kuja mara moja awaeleze wenzake alivyoipata, na jina lake lihamishie ukurasa wa nyuma wa daftari. Ukurasa huo usiufute. Siku ukitafuta fundi wa kumpokea kijana mwingine, anza kupiga simu hapo.